Alisema Uvimbe, Wifi Akasema Karakana

Wifi yangu ana mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Mama mkwe alikuwa akisimulia kwamba siku alipozaliwa, mkunga aliishika ile mikono kwanza, akaigeuza, akauliza, "Huyu kweli ni wa kike?" Mtaani wanamwita Mikono, na watoto wangu wanamwita Shangazi Mikono, naye anaitikia bila kukunja uso. Nasimulia habari zake kwa sababu watu wengi wanazisimulia, na wanaharibu. Kuna wanaosema alimtukana Mheshimiwa mbele ya umati. Hakumtukana. Angemtukana ningewaambia, tena ningewaambia huku nacheka.

Mume wangu ndiye kaka yake, amemzidi miaka minne. Ni seremala, na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Kwao baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi. Mama alikuwa anafua mashuka hospitalini na kurudi nyumbani vidole vimekunjamana. Aliyekuwa na muda wa kuongea na yule mtoto asiyesikia ni mdogo wake. Wifi alijua ishara kabla ya kujua maneno. Neno lake la kwanza lilitoka vidoleni: aliomba maji.

Kaka alipopelekwa shule ya viziwi ya bweni, kila likizo alirudi na ishara mpya, akamkalisha mdogo wake kwenye sakafu ya jikoni na kumfundisha. Alikuwa mwalimu mkali. Kitu kimoja hakukivumilia: mtu kumpa ishara ambayo mwenyewe hajui anaizungumzia nini. "Nini hicho? Kiko wapi? Nani kamfanya nani?" Alimrudisha nyuma mpaka machozi yamtoke. Nilipoolewa na kuanza kujifunza kwa kujikwaa, wifi alinieleza kwa nini. Kwa mdomo unaweza kusema "kimevunjwa" ukaenda zako kunywa chai. Kwa mikono, kile kitu unakiweka mahali pake hewani, watu wakione, na mkono unaovunja unatoka upande fulani. Ukiacha hivi hivi, watu wanakutazama tu, wanasubiri umalizie.

Msidhani viziwi hawajui mafumbo. Mume wangu ana mafumbo ya kukuangusha kwenye kiti. Tuna jirani mmoja mwenye majivuno, yeye humwonyesha kwa ishara ya puto lililofungwa kwa uzi mwembamba, na ukimwona huyo jirani anavyokatiza mtaani Jumapili utasema mungu wangu, ndiye mwenyewe. Fumbo lake linakuonyesha mtu. Haya ya majukwaani kazi yake ni kumficha mtu.

Wifi alianza kazi kama mpokea simu kwenye kampuni ya mizigo. Kisha ikatoka sheria kwamba kila mkutano wa hadhara wa serikali lazima uwe na mkalimani wa lugha ya alama. Ofisi ya mji ilitafuta, ikakuta mjini wako wawili, na mmoja ni mgonjwa. Wifi akapata kazi.

Watu walidhani ni kazi ya raha, kusimama karibu na wakubwa na kupigwa picha. Mimi ndiye niliyemkanda mabega. Alivaa nguo nyeusi tupu ili mikono ionekane, hakuvaa pete wala bangili, kucha alikata mpaka kwenye nyama. Walimpa kreti la soda la kusimamia, likawa linacheza, mume wangu akamtengenezea sanduku imara lenye kishikio. Saa mbili, saa tatu, anasimama juani juu ya sanduku lake na kuyageuza maneno ya mtu ambaye hajawahi kumwambia hata "habari ya asubuhi".

Hotuba hakuwahi kupewa mapema. Aliiomba kila mara kwa afisa habari, bwana mmoja wa makamo mwenye simu mbili na marashi ya kukufikia kabla yake. "Wewe fuata tu," afisa habari alimwambia. "Mheshimiwa anaongea kutoka moyoni."

"Moyo wake una namba za kurasa," wifi alimjibu. "Nimeziona, ziko chini pale kulia."

Huyo Mheshimiwa alikuwa mkuu wa mji wetu, na alipenda mifano kama mtoto anavyopenda pipi, nayo ilimharibu vilevile. Mwaka wake wa kwanza sisi tulikuwa nyumba inayojengwa. Tuko kwenye msingi, alisema, msingi hauonekani, msiulize ukuta uko wapi. Mwaka wa pili nyumba ikasahauliwa, tukawa basi. Abiria watulie, dereva yuko macho, anayelalamika ashuke. Mwaka wa tatu tukawa mgonjwa wa kunyweshwa dawa chungu, na mwaka huohuo zahanati yetu ilikuwa haina dawa yoyote, chungu wala tamu. Kuna siku kwenye hotuba moja tulianza tukiwa shamba, katikati tukawa timu ya mpira, na tulipofika mwisho tulikuwa familia, yeye akiwa baba. Wifi alirudi nyumbani amechoka mwili na akili. "Leo nimewageuza watu mara tatu," alisema, "na hakuna mara hata moja walipopewa maji ya bomba."

Mume wangu alilifanya mchezo. Kila wifi alipoingia mlangoni, kabla hajavua viatu, kaka anamuuliza kwa mikono: "Leo sisi ni nini?" Mwaka ule wa kufunga mkanda ndio ulimchekesha zaidi. Mheshimiwa alisimama akawaambia watu, wengi wao hawajala mchana, kwamba wakati umefika kila mmoja afunge mkanda. Na yeye mwenyewe alikuwa hana mkanda. Tumbo lilishakataa mkanda siku nyingi, suruali yake ilishikiliwa na kamba mbili za kupita mabegani. Viziwi waliokuwa mbele waliona kabla ya mtu mwingine yeyote, maana wao wanatazama. Benchi zima lilitikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Mheshimiwa akadhani wamefurahi, akawapungia.

Basi ikafika ile Jumamosi.

Inabidi niwaeleze kwanza karakana zilikuwa wapi. Pembeni mwa stesheni ya treni, kwenye ukuta wa nje, kulikuwa na karakana kumi na moja za mabati zimepangana kama meno. Maseremala, wachoma vyuma, mfuma viti. Ya mume wangu ilikuwa ya nne. Walikuwa na vibali, kila mwaka wakivipeleka kugongwa muhuri. Viziwi sita walifanya kazi pale, na mafundi wengine walikuwa wamejifunza ishara za kutosha kuazimana randa na kutaniana. Mimi cherehani yangu ilikuwa kwenye kona ya karakana ile, nashona sare za shule huku maranda yananiingia nywele. Maisha yetu yote yalikuwa pale.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Viziwi walitengewa mabenchi mawili mbele, kushoto, mkabala na sanduku la wifi. Walikuwa kama thelathini, mume wangu akiwa miongoni. Mimi nilikaa nyuma pamoja na fundi makochi, mwenye karakana ya saba, mtu mcheshi, rafiki yetu wa miaka. Mheshimiwa alisimama, akafuta jasho, akapiga kipaza sauti kidole mara mbili, akaanza.

"Ndugu zangu! Mji ni mwili!"

Watu wakashangilia. Sijui kwa nini. Ukiwaambia watu kwamba mji ni mwili wanashangilia kama wamepewa kiwanja.

"Na mwili wetu huu mzuri," akaendelea, "umeota uvimbe! Umeota ubavuni mwa stesheni, palepale mgeni anaposhuka kwenye treni. Jamani, daktari mwema akiona uvimbe anaupaka mafuta?"

"Hapanaaa!"

"Anaupepea?"

"Hapanaaa!"

"Daktari mwema ananoa kisu! Na nawaahidi, kabla wiki ijayo haijakatika, mgonjwa atakuwa mezani!"

Uwanja ulilipuka. Fundi makochi alipiga mluzi mpaka kofia ikamdondoka. Nitasema kweli ingawa inaniuma: na mimi nilikuwa napiga makofi. Sikuwa nimesikiliza maneno. Nilisikia sauti inapanda, nikajua hapa watu wanapiga makofi, nikapiga.

Wifi alikuwa amesimama juu ya sanduku lake na mikono imesimama hewani. Kwa miaka yote ile sijawahi kuona mikono yake inasimama. Ilikaa hivyo kama pumzi mbili. Halafu ikaenda, taratibu, wazi kabisa, kama anamwelekeza mtoto njia.

Baadaye alinisimulia kilichompata. "Ishara ya uvimbe ipo," alisema. "Nikaitoa. Lakini uvimbe nauweka wapi? Amesema ubavuni mwa stesheni. Nikaijenga stesheni hapa, nikaupeleka uvimbe hapa. Nilipouweka tu, wifi, nikaona kilichopo pale. Mabati. Mbao. Kaka yangu na msumeno wake. Na kisu nacho kinakuja. Sasa kisu cha kukata karakana kinafananaje? Si kisu. Ni tingatinga. Mikono ikasema yenyewe."

Alichosema ni hiki: Karakana za pale stesheni. Wiki ijayo. Serikali inaleta tingatinga. Zinavunjwa zote.

Mabenchi mawili yalisimama kwa mpigo. Watu thelathini wanasimama katikati ya hotuba, hakuna anayetoa sauti, mikono yote inaongea. Mume wangu aligeuka, akanitafuta kwenye umati, akaniona. Akainua mikono juu ya vichwa vya watu: "Acha kupiga makofi! Wanakuja kutuvunjia!"

Mikono yangu ilikuwa bado imegusana. Niliitenganisha kama niliyeshika kitu cha mtu.

"Shemeji anasemaje?" fundi makochi aliniuliza.

"Anasema karakana zinavunjwa. Wiki ijayo."

Akacheka. "Mwambie shemeji huo ni mfano tu. Mheshimiwa anaongelea rushwa."

"Rushwa ubavuni mwa stesheni?"

"Si ndiyo pale kuna ofisi ya tiketi?"

Mama mmoja mbele yetu akageuka. "Hapana, baba. Anasema wale vijana wasio na kazi, wanaokaa pale kwenye ngazi."

"Mimi nimeelewa ni takataka," mwingine akasema. "Lile dampo."

Kila mtu alikuwa na uvimbe wake, na kila uvimbe ulikuwa wa mtu mwingine. Nadhani hiyo ndiyo faida ya maneno ya namna ile kwa anayeyasema. Unawaambia watu elfu tatu kwamba unakwenda kumkata mtu, na elfu tatu wanakupigia makofi, hata huyo mwenye kukatwa.

Kule mbele Mheshimiwa aliona mabenchi yanatoka. "Ndugu zetu wa hapa mbele wanakwenda wapi?" aliuliza kwenye kipaza sauti, akitabasamu. Wifi, kwa uaminifu wake, akawatafsiria na hilo. Mume wangu, akiwa anatembea, akamjibu bila kugeuka, mkono mmoja tu mgongoni. Sitawaambia alisema nini. Wifi aliulizwa amesema nini, akajibu, "Wanasema wana haraka."

Tulianza kuhama Jumapili asubuhi. Tulikodi mikokoteni miwili, viziwi wote sita na jamaa zao wakasaidiana, mbao, meza za kazi, mashine ya kuranda, cherehani yangu, vitambaa vya sare. Tulivirundika kwenye ua wa nyumba yetu mpaka ikawa kufika chooni ni kupanda na kushuka. Mume wangu alikwenda karakana moja baada ya nyingine, mimi namsemea. Watatu walitusikia wakahama. Wengine walitutazama kama watu waliopagawa. Fundi makochi alikuwa amekunja mikono mlangoni pake.

"Shemeji," alisema, na mimi nikampa mume wangu kwa mikono, "mimi nina masikio mawili mazima. Nilikuwepo. Hakusema karakana."

Mume wangu alimtazama masikio, la kulia kisha la kushoto. "Mwambie masikio yake ni mazuri," akanijibu. "Kwa kuvalia miwani."

Fundi makochi alicheka sana. Lakini hakuhama.

Jumatano jioni tulibakiwa na kitu kimoja, msumeno mkubwa wa mashine. Ulikuwa umechimbiwa kwenye zege na baba mmoja fundi mwashi miaka tisa nyuma, akaapa hautatikisika, na kweli haukutikisika. Walipiga nyundo mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Alhamisi saa tatu asubuhi zilikuja tingatinga mbili na lori la askari. Sitaki kusema mengi. Mabati yanatoa mlio kama yanaumwa. Fundi makochi alikuwa anatoa sponji na mbao za makochi huku ukuta wa jirani unaanguka, na mume wangu aliingia mara nne kumsaidia, hasikii tingatinga iko wapi, mimi nimesimama mbele yake nampungia lini atoke. Makochi mawili yalitoka. Manane hayakutoka. Msumeno wetu ulikunjwa kama kijiko. Saa sita mchana pale pote palikuwa udongo mwekundu na misumari.

Redio ya mji ilisema kwenye taarifa ya saa saba: "Upasuaji umefanikiwa." Nilikuwa nimekaa juu ya tofali na fundi makochi yuko pembeni yangu, kofia iko mikononi, anaizungusha tu. Nikasonya mpaka mtangazaji angekuwa karibu angenisikia. Upasuaji! Wangetumia nguvu zile walizotumia kutafuta hilo neno kutafuta kalamu, wakaandika barua moja, mtu angehamisha makochi yake.

Mafundi walikwenda ofisi ya mji kuuliza. Sheria inasema mwenye kibali apewe taarifa, wao hawakupewa. Walisubiri kwenye benchi siku mbili, ya tatu wakapewa jibu la maandishi. Nilimsomea mume wangu kwa mikono pale pale koridoni. Liliandikwa: "Taarifa ya kuvunjwa kwa karakana husika ilitolewa waziwazi na Mheshimiwa mwenyewe katika hotuba yake ya Jumamosi, mbele ya wananchi wote." Chini, sahihi ya afisa habari, ndefu, yenye mkia.

Wifi alichukua nakala ya barua ile, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi.

Siku mbili baadaye na yeye akaletewa barua, yenye mkia uleule. Alitakiwa afike mbele ya kikao kujieleza, kwa kosa la kuongeza maneno ambayo Mheshimiwa hakuyasema na kusababisha taharuki. Aliruhusiwa kuja na shahidi mmoja. Alinichagua mimi.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa inazunguka ikisuasua, na picha ya Mheshimiwa ukutani akitazama mbali kama watu wa kwenye kalenda. Walikaa watatu. Katikati mzee wa idara ya utumishi, mpole, mwenye kikohozi. Kulia kwake mwanasheria wa ofisi, mama mwenye miwani. Kushoto afisa habari na marashi yake. Kulikuwa na kompyuta na video ya mkutano.

Walicheza video mpaka pale mikono iliposimama na kuanza tena. Afisa habari akaigandisha. "Hapo! Hapo umesema nini?"

Wifi akawatazama mmoja mmoja. "Mnaniuliza mimi?"

"Tunakuuliza wewe, ndiyo."

"Hapa hakuna mtu anayejua lugha ya alama?"

Mzee akakohoa. "Kwa kweli, mwanangu, hakuna."

"Sasa mmejuaje kwamba nimeongeza?"

Feni ikazunguka. "Kuna malalamiko," afisa habari akasema.

"Basi niwatafsirie," wifi akasema, "maana naona ndiyo mnachotaka, nijitafsirie mwenyewe mnihukumu." Akawatafsiria neno kwa neno: karakana, stesheni, wiki ijayo, tingatinga.

"Umeona!" Afisa habari alipiga meza. "Mheshimiwa hakutamka karakana. Hakutamka tingatinga. Alisema uvimbe na kisu. Mheshimiwa alitumia lugha ya picha!"

"Kaka yangu," wifi akasema, kwa heshima kabisa, "mimi lugha yangu yote ni ya picha. Nilionyesha ile picha."

Nilimwona mwanasheria anashusha macho kwenye karatasi. Nadhani alikuwa anaficha mdomo.

"Haikuwa kazi yako kufafanua," afisa habari akaendelea. "Ile ni tamathali ya usemi. Kila msikilizaji anaelewa kwa namna yake."

"Naam, walielewa kwa namna yao. Fundi makochi alielewa ni rushwa. Makochi manane."

"Hiyo si hoja ya leo."

"Basi hoja ya leo iwe hii. Mheshimiwa hakusema karakana, sivyo? Niandikieni hilo hapo. Andikeni kwamba Jumamosi ile Mheshimiwa hakuwaambia watu karakana zitavunjwa, kwamba nimebuni mimi. Nitatia sahihi, nitaomba radhi, na kazi nitaacha leo."

"Ndivyo tutakavyoandika," akasema afisa habari, na akachukua kalamu.

Wifi akafungua pochi, akatoa ile barua, akaikunjua, akailaza mezani na kuilainisha kwa kiganja chake kikubwa. "Na hii tuiandikeje?"

Mwanasheria aliivuta, akaisoma. Akaisoma tena. Alivua miwani. "Hii umeandika wewe?" alimuuliza afisa habari.

"Ni... ndiyo, lakini ile ilikuwa kwa muktadha wa..."

"Hapa tumewaambia mafundi kwamba alisema waziwazi. Na hapa tunamwambia huyu dada kwamba hakusema." Aliongea polepole, kama anayemsomea mtoto hesabu. "Usiandike. Weka hiyo kalamu chini."

Mzee wa utumishi alikohoa kwa muda mrefu kuliko kifua kilivyotaka. "Kikao kimeahirishwa," alisema.

Kimeahirishwa mpaka leo. Hawakumfukuza, hawakuwa na la kumfukuzia. Mkataba wake ulipoisha tu hawakuuongeza, na mafundi waliiwasilisha barua ileile mahakamani, kesi bado inapanda na kushuka ngazi. Tulipokuwa tunatoka siku ile, nilimuuliza wifi kwenye ngazi za ofisi kama hakuogopa.

"Niliogopa kuanzia asubuhi," alisema. "Halafu yule bwana akasema tamathali, na uso wake ulikuwa umejiridhisha sana, hofu ikanitoka."

Nafasi yake walimpa mpwa wa afisa habari, jamaa aliyekuwa akiuza tiketi za bahati nasibu, hajui ishara hata ya chai. Viziwi wetu walikwenda mkutano mmoja kumtazama. Mume wangu alirudi nyumbani akaketi, akatuigizia jamaa alivyokuwa akipunga. Ukiyatafsiri, kwa mpangilio, yalikuwa: jogoo, ngazi, sabuni, jogoo, bibi yangu, sabuni. Tuliuliza Mheshimiwa mwenyewe alikuwa anasema nini wakati huo. Alijibu kwamba, kwa jinsi watu wenye masikio walivyokuwa wakitazamana, hakuona kama kuna kilichopotea.

Siku hizi wifi anatafsiri hospitalini na mahakamani. Kazi ni ngumu zaidi na shukrani ni nyingi zaidi. Daktari anamwambia mgonjwa kinachomuuma, kitachukua siku ngapi na atapata maumivu gani, naye anafikisha hivyohivyo. Anasema anarudi nyumbani mabega yanauma lakini hajisikii mchafu.

Mume wangu alipata ghala nyuma ya kiwanda cha mikate, akaungana na fundi makochi. Wamegawana kwa mstari wa chaki, upande huu mbao, upande ule sponji, na fundi makochi sasa anajua ishara nyingi, nusu yake matusi. Kule stesheni hapajajengwa kitu. Nyasi zimeota mpaka magotini.

Mwezi uliopita gari la ofisi ya mji lilisimama mlangoni pa ghala. Akashuka afisa habari mwenyewe, ingawa sasa ana cheo kikubwa zaidi na simu tatu. Alikuwa ametumwa kutafuta seremala mzuri. Mheshimiwa anataka mimbari mpya, ya mbao ngumu, yenye nakshi mbele. Watu wamemwambia hapa ndipo kuna mikono safi. Sidhani kama alijua anaingia kwa nani, mpaka alipomwona wifi, aliyekuwa ameketi juu ya kochi la fundi anakunywa chai, siku yake ya mapumziko.

Marashi yakasimama. "Dada," akasema. "Habari za siku nyingi."

"Nzuri," wifi akajibu. "Nimtafsirie?"

Alimtafsiria kaka yake yote: mimbari, mbao ngumu, nakshi, malipo ya haraka, heshima kwa karakana. Hakuongeza wala kupunguza. Mume wangu alisikiliza kwa macho, msasa mkononi. Kushoto kwake kulikuwa na rundo la mbao ngumu lililofika kifuani, zimekuja asubuhi ileile, bado zinanukia. Akajifuta vumbi, akajibu.

"Anasema mbao zimekwisha," wifi akatafsiri.

Afisa habari alilitazama rundo. Akamtazama mume wangu. Akamtazama wifi, akisubiri maelezo, na wifi akanywa chai yake.

"Zitaingia lini?" hatimaye aliuliza.

Mume wangu alifikiri kidogo, kama fundi mwaminifu anayepiga hesabu ya safari za lori. Akajibu kwa ishara moja fupi.

"Anasema hajui," wifi alisema. "Njia ni mbaya."

Bwana yule alishukuru, akarudi kwenye gari. Mume wangu akageukia kitanda alichokuwa anamtengenezea mkunga wa zahanati, akapitisha msasa kwenye ubao wa kichwani, akaugusa kwa kidole kuona kama umelainika. Haukuwa umelainika. Akaendelea.